Sura ya Sita: Glasi Mbili na Wazimu wa Saa Moja

Ulevi wa kawaida una njia yake, na yeyote aliyewahi kukaa kilabuni jioni anaijua. Kwanza ulimi unalegea, mtu anakuwa mcheshi kuliko alivyokuja. Kisha sauti inapanda, macho yanakuwa mekundu, miguu inaanza kupishana, na mwisho usingizi unambwaga pale alipo. Ulevi unakwenda na kiasi cha pombe, na mwili hausemi uongo: anayepepesuka kalewa, anayetembea wima hajalewa sana.

Madaktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani na Austria katika karne ya 19 walishtushwa na watu wachache ambao hawakuifuata njia hiyo. Mtu anakunywa kidogo tu, kiasi ambacho wenzake mezani wamekinywa bila kubadilika. Baada ya dakika chache uso wake unageuka. Hapepesuki, ulimi si mzito, mikono ina nguvu na shabaha. Lakini ukimwita jina haitiki. Anaona maadui pasipo na mtu, anamrukia aliye karibu, mara nyingi mtu ambaye hawajawahi kukosana hata siku moja. Hali hiyo inadumu dakika kadhaa, pengine saa, halafu inakatika kwa usingizi mzito. Akiamka hana habari. Richard von Krafft-Ebing aliieleza hali hii mwishoni mwa miaka ya 1860, na vitabu vya Kijerumani vikaiita ulevi wa kiugonjwa.

Mtu huyu akifikishwa kizimbani anaiweka mahakama mahali pagumu kweli. Kama alipatwa na hali hiyo, basi aliyeshika panga usiku ule hakujua kuwa ameshika panga. Kama hakupatwa nayo, majaji wako mbele ya mlevi wa kawaida aliyeua na sasa anatafuta pa kujificha. Tanzania adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa hadi kufa. Kwa hiyo jibu la daktari linaweza kuamua uhai wa mtu, na daktari huyo anaulizwa kuhusu saa moja ambayo hakuwepo na ambayo mshtakiwa mwenyewe haikumbuki.

Aliyejaribu kuweka utaratibu ni Hans Binder, daktari wa Uswisi, mwaka 1935. Aliugawa ulevi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ule wa kila siku. Ya pili ni ulevi uliochafuka: hasira na vurugu vinapita kiasi, mtu anavunja meza na kutukana wazazi wake, lakini bado anajua yuko wapi na nani amesimama mbele yake. Ya tatu ni wa kiugonjwa, ambapo uzi kati ya mtu na mazingira yake umekatika, na anayotenda hayana uhusiano na tabia yake wala na lililotokea dakika tano kabla. Mgawanyo huu ulipata makazi ya kudumu Japani kuliko pengine popote. Huko wataalamu wa mahakama waliufanya ngazi ya uwajibikaji: wa kwanza anabeba kosa lake lote, wa pili anapunguziwa, wa tatu hana hatia. Ni mpangilio unaopendeza machoni. Tatizo lake ni kwamba mtu hafikishwi kwa daktari akiwa ndani ya ngazi yoyote. Anafikishwa akiwa mzima, amenyolewa, na faili mkononi mwa askari.

Ndiyo maana Wamarekani waliamua kuijaribu hali yenyewe hospitalini. Mwaka 1970, huko Boston, George Bach-y-Rita na wenzake waliwachukua wagonjwa 10 waliosemekana kuwa wakinywa kidogo hulipuka. Waliwatilia pombe kwenye mshipa huku wakipima mawimbi ya umeme ya ubongo. Hakuna hata mmoja aliyelipuka. Miaka sita baadaye Barry Maletzky alifanya jaribio kama hilo kwa watu zaidi ya 20, na kwake zaidi ya nusu walibadilika: wengine wakawa wakali, wengine wakaanza kuamini na kuona yasiyokuwepo. Mambo mawili yanayopingana hivyo yanahitaji kutazamwa kwa utulivu. Kitanda cha hospitali si kilabu. Hakuna kelele, hakuna matusi, hakuna deni la zamani. Na pombe inayotiririka mshipani hadi mtu abadilike si zile glasi mbili zilizoelezwa vitabuni. Mwaka 1979 Mwingereza Jeremy Coid alipitia maandiko yote ya karne nzima na kuonyesha kwamba jina moja lilikuwa limebebeshwa hali nyingi zisizofanana.

Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliutaja ugonjwa huu katika mwongozo wake wa mwaka 1980, kikauondoa mwaka 1994. Shirika la Afya Duniani liliubakiza katika orodha yake ya kumi ya magonjwa, ukiwa na namba yake. Naona Wamarekani walikuwa na sababu ya kuufuta, lakini kufuta jina hakukuwafuta watu. Kulichofaa ni kuwalazimisha madaktari kuuliza kilichokuwa chini ya jina hilo, na hapo ndipo jambo lenyewe lina utajiri.

Tuanze na sukari. Mtu asipokula, ini hutengeneza sukari mpya ili ubongo usikose chakula. Pombe ikiingia, ini linashughulika kuisaga na kazi ile ya kutengeneza sukari inadorora. Sasa mchukue kibarua aliyebeba magunia tangu alfajiri, hajala mchana kwa sababu hajalipwa, na jioni anapitia kwa mama muuza gongo kabla ya kufika nyumbani. Au mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini yake kisha akanywa bila kula. Sukari ikishuka sana, mtu huyo atatoka jasho, atazungumza maneno yasiyoeleweka, atampiga anayejaribu kumsaidia, na kesho hatakumbuka. Kwa macho ya majirani ni mlevi mkorofi. Kipimo chake ni tone moja la damu kwenye kijikaratasi na kusubiri sekunde chache. Lakini kipimo hicho kina maana usiku ule ule tu. Akishakunywa chai ya sukari asubuhi, ushahidi umeyeyuka na hakuna daktari duniani atakayeurudisha.

Kuna kifafa. Pombe, na hasa kukosa usingizi kunakoandamana nayo, huamsha kifafa kilicholala, na baada ya degedege mtu anaweza kuzunguka dakika nyingi akiwa hajitambui, akimsukuma na kumpiga anayemshika. Kuna aliyeanguka na pikipiki wiki mbili nyuma, akajiona mzima, kumbe damu inavuja taratibu chini ya fuvu. Kuna malaria iliyopanda kichwani. Kuna aliyemeza vidonge vya usingizi kabla ya kunywa, na wapo watu wachache ambao dawa hizo, badala ya kuwatuliza, huwatia ghasia. Kuna pombe iliyotiwa methanoli, ambayo inaua na kupofusha, na kabla ya hapo humchanganya mtu akili. Mwaka 2024 mahakama moja ya Bruges, Ubelgiji, ilimwachia huru dereva aliyeshtakiwa kuendesha akiwa amelewa, baada ya madaktari kuthibitisha kwamba tumbo lake lenyewe lilikuwa likichachusha vyakula na kutoa pombe. Hali hiyo ni adimu mno, lakini ipo, na ingekuwa rahisi sana kumcheka.

Jambo la kushangaza zaidi lilitoka Finlandi. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Laura Bevilacqua, David Goldman na wenzao kuhusu badiliko moja dogo katika jeni iitwayo HTR2B, inayohusika na namna ubongo unavyopokea serotonini. Badiliko hilo linapatikana kwa Wafini, na lilionekana mara nyingi zaidi kwa wafungwa waliotenda ukatili wa ghafla usio na mpango. Wengi wao walitenda wakiwa wamelewa. Inakadiriwa kwamba Wafini zaidi ya 100,000 wanalo. Walio wengi mno kati yao hawajawahi kumdhuru mtu, kwa hiyo jeni haiwezi kupanda kizimbani kujibu kesi badala ya mtu. Hata hivyo, utafiti ule ulithibitisha jambo ambalo wazee wa vilabuni wamelisema siku zote bila maabara: pombe ile ile haimwingii kila mtu kwa namna moja.

Hadi hapa nimezungumzia pombe inapoingia. Kuna wazimu mwingine unaokuja pombe inapotoka, nao haubishaniwi na mtu. Thomas Sutton, daktari Mwingereza, aliuandika mwaka 1813. Mnywaji wa miaka mingi akikatishwa ghafla, mikono inaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anaweza kupata degedege, na kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne anaanza kuweweseka. Anaona wadudu ukutani, anasikia watu wakipanga kumuua, haijui siku wala mahali alipo. Asipotibiwa anaweza kufa.

Hebu fikiria siku hizo zinaangukia wapi kwa mtu maskini. Amekamatwa Ijumaa usiku, mahakama inafunguliwa Jumatatu. Jumapili alasiri, ndani ya mahabusu yenye watu wengi kuliko nafasi, anaanza kupiga kelele na kujikung'uta wadudu ambao hakuna mwingine anayewaona. Askari anadhani anajifanya, au ni mkaidi, au ana mapepo. Wenzake wanamfunga kwa mashati yao ili walale. Mtu huyo anahitaji dawa za kutuliza mishipa, maji na vitamini, tena haraka. Nakiri kwamba katika sura nzima hakuna kinachoniumiza kama hiki, kwa sababu ugonjwa wenyewe unajulikana kwa miaka zaidi ya 200 na tiba yake haihitaji mashine yoyote.

Sheria ya Uingereza iliutambua mapema. Mwaka 1881, katika kesi ya Davis, Jaji Stephen aliliambia baraza la wazee kwamba ulevi ni jambo moja, na maradhi yanayoletwa na ulevi ni jambo jingine; yakimfanya mtu asijue atendalo, hata kwa muda, huo ni wazimu mbele ya sheria. Hapo ndipo ulipochorwa mpaka ambao sisi pia tuliurithi.

Kabla ya kufika huko, lazima niondoe utata mmoja unaoharibu kesi nyingi. Mshtakiwa anasema, "Mheshimiwa, sikumbuki chochote," na wakili wake anajenga utetezi wote juu ya sentensi hiyo. Sentensi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isisaidie kitu. Mwaka 1970 Donald Goodwin na wenzake, Marekani, waliwanywesha wanaume 10 pombe kali nyingi kwa muda wa saa nne hivi, kisha wakawaonyesha mambo ya kusisimua. Mojawapo: mtafiti alishika kikaango, akamuuliza mtu kama ana njaa, halafu akamwambia mle ndani mna panya watatu waliokufa. Baada ya dakika mbili wote walikumbuka. Baada ya nusu saa, na tena kesho yake, nusu yao hawakukumbuka panya wala kikaango. Walikuwa macho wakati ule, wanajibu maswali, wanajua nani anasema nao. Ubongo uliacha tu kuhifadhi. Kwa hiyo mtu anaweza kuamua kuua, akaua, na asubuhi akasahau kwa dhati. Mahakama inataka kujua alichojua wakati ule, na kutokumbuka leo hakujibu swali hilo.

Wanasheria wamekuwa wakali kwa mlevi tangu zamani. Aristotle anataja sheria ya Pittacus wa Mytilene iliyomwadhibu mlevi mara mbili. Uingereza, mwaka 1551, kesi ya Reniger na Fogossa ilitoa mfano wa mlevi aliyeua, ikasema anastahili kunyongwa kwa kuwa ujinga wake aliutafuta mwenyewe. Kesi ya Beard mwaka 1920 ililegeza kidogo: ulevi unaweza kuonyesha kwamba mtu hakuwa na nia mahsusi inayohitajika ili awe na hatia ya kuua kwa kukusudia. Kesi ya Majewski, iliyoamuliwa mwaka 1976, ikafunga mlango uliobaki: kwa makosa yasiyohitaji nia mahsusi, kama shambulio la kawaida, ulevi wa kujitakia haukuokoi. Na mwaka 1961 Baraza la Mabwana la Uingereza, likikaa kama mahakama, lilikataa utetezi wa Gallagher, aliyenunua kisu na chupa ya wiski akiwa tayari ameazimia kumuua mkewe. Huyo hakuna anayepaswa kumhurumia kwa kigezo cha ulevi. Alikunywa ili apate ujasiri wa kutenda alichokwisha kuamua. Wajerumani walitafuta njia ya kati. Aliyelewa hadi akakosa akili kabisa haadhibiwi kwa kuua, ila anaadhibiwa kwa kosa la kujilevya hadi hapo, na kifungo chake hakizidi miaka mitano.

Rasimu ya kanuni ya adhabu iliyotolewa na wanasheria wa Marekani mwaka 1962 ndiyo iliyomtaja mtu wetu waziwazi. Inamlinda ambaye ulevi wake ulizidi mno ukilinganisha na kiasi alichokunywa, kwa sharti kwamba hakujua kuwa ana udhaifu huo. Sharti hilo naliona la haki kabisa. Mara ya kwanza ni msiba. Aliyewahi kuamka na damu mikononi, akaambiwa ni pombe, kisha akanywa tena, amejua.

Sasa turudi nyumbani. Kanuni za adhabu za Tanganyika, Kenya na Uganda zilitungwa mwaka 1930 kwa mtindo mmoja wa kikoloni, na sehemu inayohusu ulevi haijabadilika sana hadi leo. Tanzania ni kifungu cha 14, Kenya ni cha 13. Kinaanza kwa ukali: ulevi si utetezi. Kisha kinafungua milango miwili kwa mtu ambaye hakujua atendalo au hakujua kuwa ni kosa. Wa kwanza ni kwa aliyeleweshwa bila ridhaa yake, kwa hila au uzembe wa mtu mwingine. Wa pili ni kwa ambaye ulevi ulimfanya awe mwendawazimu, kwa muda au vinginevyo, wakati wa tendo. Yale maneno mawili, "kwa muda", yanatosha kumpitisha mgonjwa wa Krafft-Ebing. Na baada ya milango hiyo kinaongeza kwamba mahakama izingatie ulevi inapopima kama mshtakiwa alikuwa na nia, iwe mahsusi au isiwe mahsusi. Kwa herufi zake, sheria yetu ina upana ambao Majewski aliunyimwa London.

Lakini kifungu kizuri kinahitaji ushahidi wa kukilisha. Usiku wa tukio aliyejeruhiwa anapewa fomu ya polisi, PF3, apelekwe hospitali. Aliyejeruhi anapelekwa mahabusu. Hakuna anayempima sukari, joto, malaria wala kiwango cha pombe mwilini. Hakuna anayeandika kama alitembea wima au alipepesuka, kama alilijua jina lake, kama ana uvimbe kichwani. Wiki au miezi baadaye mahakama inaagiza apimwe akili. Tanzania anapelekwa taasisi ya Isanga, Dodoma, jirani na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, na sheria inampa daktari siku 42 aandike ripoti. Kenya washtakiwa wa kuua hupimwa akili kabla ya kujibu shtaka, katika hospitali ya Mathari au nyingine. Kipimo hicho kinajibu swali la kama mtu anaweza kufuata kesi yake leo, na kwa mtu wetu jibu ni ndiyo, anaweza. Kuhusu usiku ule daktari ana nakala ya mashtaka na maelezo ya mashahidi, ambao nao walikuwa kwenye kilabu kile kile wakinywa.

Kuna kikwazo kingine ambacho mawakili wanakijua vizuri kuliko madaktari. Anayedai wazimu anabeba mzigo wa kuuthibitisha, japo kwa uwezekano tu. Anayesema hakuwa na nia habebi mzigo huo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema katika miaka ya 1950 kwamba kuithibitisha nia ni kazi ya upande wa mashtaka hadi mwisho, hata mshtakiwa akiwa amelewa. Na ushindi wa kila mmoja ni tofauti. Nia ikikosekana, kosa linashuka kuwa kuua bila kukusudia, na jaji anataja miaka ambayo mtu anaweza kuihesabu. Wazimu ukithibitika, mtu anapatikana ametenda akiwa mwendawazimu na anawekwa kizuizini kwa matibabu hadi mamlaka iridhike kumwachia. Kenya sheria iliyaacha hayo kwa muda atakaopenda Rais, na majaji wa Mahakama Kuu wameikosoa vikali kwa sababu muda huo hauna kikomo. Mtu ambaye wazimu wake uliisha kabla jua halijachomoza anakaa wodini miaka bila dalili ya kutibu, na daktari hana cha kuandika kwenye faili lake isipokuwa asiguse pombe tena.

Wakili mwenye busara akimweleza mteja wake hayo yote, mteja anachagua miaka inayohesabika. Ugonjwa hautajwi, daktari haitwi kutoa ushahidi, na hukumu inasomwa kama ya mlevi yeyote. Siku atakapotoka gerezani hakuna aliyempima kifafa wala sukari, na hajaambiwa na mtu kwa nini usiku ule, kwa glasi mbili, alimuua rafiki yake.